Karo imelipwa, na matibabu je?

Mzazi anapomwandaa mtoto kwenda chuoni, kwa kawaida huhesabu mambo manne: karo, malazi, chakula na nauli. La tano, yaani matibabu, huachiwa Mungu. Si kwamba mzazi hajali, bali mfuko huwa umekwisha kabla ya kulifikia. Hivyo basi kijana huingia Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret akiwa na godoro, ndoo na barua ya kuitwa chuoni, lakini hajui ataelekea wapi siku ambayo homa itamwangusha.

Mwanafunzi asiye na uwezo anapougua, mara nyingi hufanya mojawapo ya mambo matatu. Hununua vidonge dukani bila kupimwa. Au hungoja, akitumaini ugonjwa utapita wenyewe. Au hukimbilia hospitali ya kwanza anayoiona na kulipa kwa pesa alizowekewa za chakula. Njia ya kwanza huficha ugonjwa, ya pili huukomaza, na ya tatu humwacha na njaa. Ugonjwa ukizidi, jamaa na marafiki huitwa kuchanga, na si ajabu muhula mzima ukapotea.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mengi ya haya yanaweza kuepukwa. Msaada upo, ila haujakusanywa mahali pamoja. Umetawanyika kwenye milango kadhaa, na karibu kila mlango hufunguliwa kwa karatasi ambayo yafaa iandaliwe mtu angali mzima. Leo tutaipitia milango hiyo mmoja baada ya mwingine, ili mwanafunzi na mzazi wajue wagonge wapi.

TULIKOTOKA

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu mipango ya matibabu imebadilika mara nyingi nchini. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliundwa mwaka wa 1966. Mwishoni mwa 1989 serikali ilianzisha utaratibu wa kugawana gharama, na wagonjwa wakaanza kulipa katika hospitali za umma. Mwaka wa 2004 ada zilipunguzwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya. Kisha mwezi wa Juni 2013 ada hizo ziliondolewa kabisa.

Mwaka wa 2018 ukaja mpango wa EduAfya, uliowalipia matibabu wanafunzi wa shule za sekondari za umma kupitia NHIF. Mpango huo ulifikia kikomo mwaka wa 2023 ulipomalizika. Tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF yenyewe iliondoka na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi huiita SHA.

Kutokana na historia hii, yafaa msomaji ashike mambo mawili. Kwanza, kadi ya zamani ya NHIF haimfai mtu kitu tena. Sharti ajisajili upya na SHA. Pili, mzazi mwenye mtoto katika shule ya sekondari asidhani kwamba shule ingali inamlipia bima kama ilivyokuwa wakati wa EduAfya. Mtoto huyo sasa hutegemea bima ya mzazi wake. Ikiwa mzazi hajajisajili, mtoto naye hana kinga.

MLANGO WA KWANZA: ZAHANATI NA KITUO CHA AFYA

Hospitali za Kenya zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni huduma za kijijini na mtaani zinazotolewa na wahudumu wa afya ya jamii. Ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya, ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo, ya tano ni hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya sita ni hospitali kuu za taifa kama vile Kenyatta jijini Nairobi na Moi mjini Eldoret.

Chini ya sheria zilizopitishwa mwaka wa 2023, matibabu ya ngazi za chini hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo pesa zake hutoka serikalini. Mtu aliyejisajili na SHA anapaswa kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo, hata kama hajatoa mchango wowote. Hili halijulikani na wengi. Mwanafunzi husikia kwamba SHA ni ya wenye kulipa, basi hajisajili, na kwa kutojisajili anakosa hata kile ambacho angepewa bure.

Kujisajili hakuna ada. Mtu anaweza kubonyeza *147# kwenye simu yake, akaenda Kituo cha Huduma, au akasaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwake. Aliyetimiza miaka 18 hutumia kitambulisho cha taifa.

Baada ya kujisajili, mwanafunzi anayeishi katika hosteli au chumba cha kupanga aulize majirani: zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu kiko wapi, na hufunguliwa saa ngapi? Homa, kikohozi, kuhara, malaria na vidonda vidogo vyote vyaweza kuanzia hapo. Anayeruka ngazi na kwenda moja kwa moja katika hospitali kubwa kwa ajili ya kikohozi atakuta foleni ndefu, na huenda akalipishwa huduma ambayo chini angepewa bure. Ikiwa ugonjwa umewashinda wahudumu wa kituo, wao ndio watakaomwandikia barua ya rufaa.

MLANGO WA PILI: BIMA YA MZAZI

Huu ndio mlango mkubwa kuliko yote, na ndio unaosahauliwa zaidi. Zahanati haiwezi kumlaza mgonjwa siku nyingi wala kumpasua. Kwa hayo kuna Bima ya Afya ya Jamii, ambayo huendeshwa kwa michango ya wananchi.

Vijana wengi hudhani kwamba wakishatimiza miaka 18 na kupata kitambulisho, wametoka katika bima ya wazazi. Sivyo. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023 yasema kwamba mtoto ambaye hajafikisha miaka 21, hana mapato yake mwenyewe na anaishi na mchangiaji, ni mtegemezi wa mchangiaji huyo. Zaidi ya hayo, kijana ambaye hajafikisha miaka 25, hana mapato, na anasoma wakati wote katika chuo kikuu, chuo au shule, naye pia ni mtegemezi. Vivyo hivyo kijana anayejifunza ufundi kwa mkataba chini ya mwajiri.

Tena sheria imefafanua kwamba pesa za ufadhili wa masomo au basari si mapato ya kumwondoa mwanafunzi katika haki hii. Kwa hivyo asiogope kusema kwamba analipiwa karo na mfadhili.

Mtu mwenye ulemavu ambaye anaishi na mchangiaji na kumtegemea kwa kila kitu yeye hana kikomo hicho cha umri.

Lakini haki hii haijitekelezi yenyewe. Jina la kijana lazima liwe kwenye orodha ya wategemezi wa mzazi. Ili kuliingiza, andaa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa kwa aliye nacho, na barua kutoka chuoni inayoonyesha kwamba kijana ni mwanafunzi wa wakati wote. Barua hiyo hutolewa na ofisi ya msajili wa chuo. Iombe mapema, wala usingoje hadi uwe umelala kitandani hospitalini ukimtuma rafiki akakuchukulie.

Aliyepita umri wa miaka 25 sharti awe mchangiaji kivyake, hata kama angali anasoma.

HESABU YA MCHANGO

Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Wa mshahara wa Sh40,000, kwa mfano, hukatwa Sh1,100 kwa mwezi. Mchango huo humlinda yeye, mwenzake wa ndoa na wategemezi wao, wawe wawili au sita.

Asiye na mshahara, kama vile mchuuzi wa mboga, fundi wa jua kali au mkulima, huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, kisha mapato ya nyumba yakakadiriwa. Hapo pia kiwango ni asilimia 2.75, lakini hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi. Nyumba iliyokadiriwa kupata Sh20,000 kwa mwezi italipa Sh550. Iliyokadiriwa kupata Sh10,000 ingelipa Sh275, kwa hivyo itatozwa kile kiwango cha chini cha Sh300.

Ugumu ni kwamba wasio na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Kwa anayelipa kiwango cha chini, hizo ni Sh3,600. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua, hizo si pesa kidogo. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2025 serikali ilianzisha mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mchangiaji pesa za mwaka naye akazirudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hivyo soma masharti kabla ya kukubali.

Je, Sh3,600 zina faida gani? Kwa viwango vilivyotangazwa, SHA hulipa hospitali ya ngazi ya nne Sh3,360 kwa kila siku ya mgonjwa aliyelazwa. Mwanafunzi akilazwa siku tatu kwa homa ya mapafu, hizo ni Sh10,080. Mchango wa chini kabisa kwa miaka mitatu ni Sh10,800. Yaani siku tatu tu kitandani zakaribia kumaliza michango ya miaka mitatu ya nyumba nzima. Kwa mwanafunzi aliyepata mtoto, bima hulipa Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida na Sh30,000 kwa uzazi wa upasuaji.

Ndugu na dada wakubwa wanaoanza kazi nao wana nafasi hapa. Badala ya kungoja mchango wa hospitali, ambapo kila mmoja huombwa elfu mbili au tatu usiku wa manane, ni afadhali wakusanye mapema na kuwalipia wazazi mchango wa mwaka. Mdogo wao aliye chuoni atakuwa amelindwa humo humo.

Sheria yataka pia serikali iwalipie michango maskini wasiojiweza. Familia isiyo na chochote iulize kwa chifu na kwa wahudumu wa afya ya jamii jinsi ya kuingizwa kwenye orodha hiyo.

MLANGO WA TATU: ZAHANATI YA CHUO

Vyuo vikuu vingi huweka ada ya matibabu katika orodha ya malipo ya kila mwaka. Mwanafunzi huilipa pamoja na ada ya usajili na ya mitihani, kisha akaisahau. Hizo ni pesa zako. Chukua orodha ya malipo ya chuo chako, itafute ada hiyo, kisha uende katika zahanati ya chuo ukaulize maswali manne:

1. Je, kumwona daktari, kupimwa damu na kupewa dawa vyote vimo katika ada hii?

2. Je, zahanati hufunguliwa usiku na mwisho wa wiki? Ikiwa haifunguliwi, ni nani anayeitwa?

3. Je, nikihitaji kulazwa, chuo hunipeleka hospitali gani, na nani hulipa?

4. Je, ninatibiwa wakati wa likizo au nikiwa kwenye mafunzo ya kazi nje ya chuo?

Vyuo vingi vina pia ofisi ya ushauri nasaha na mkuu wa wanafunzi. Mawazo mengi, kukosa usingizi na huzuni isiyokwisha ni maradhi kama maradhi mengine. Anayeyapata aende mapema, kabla masomo hayajaanguka.

Wanafunzi wa vyuo vidogo vya ufundi mara nyingi hawana zahanati chuoni. Hao waurudie mlango wa kwanza na wa pili.

HUDUMA ZISIZO NA MALIPO

Kuna maradhi ambayo dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma, kwa kuwa yanahusu usalama wa jamii nzima. Dawa za kifua kikuu ni bure. Kupima virusi vya ukimwi na dawa za kuvipunguza makali ni bure. Mwanafunzi anayekohoa kwa zaidi ya majuma mawili, anayetoa jasho jingi usiku au anayekonda bila sababu, asiogope bili. Aende akapimwe, kwani anaposita huwaambukiza pia wenzake wanaolala naye chumba kimoja.

Chanjo za kawaida za watoto pia hutolewa bure katika vituo vya umma, na tangu Oktoba 2019 wasichana wa kuanzia miaka 10 huchanjwa dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa uzazi.

DHARURA HAINGOJI PESA

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba hospitali iliyo na uwezo wa kutoa matibabu hayo na ikakataa yaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni. Sheria haibagui hospitali ya umma na ya kibinafsi.

Maana yake ni nini kwa mwanafunzi aliyegongwa na bodaboda, aliyebanwa na pumu, au aliyeanguka kwa maumivu makali ya kidole tumbo? Ni kwamba hospitali ya kwanza anayofikishwa lazima imtulize hali yake, na ikiwa haiwezi kuendelea naye, impangie safari ya kufika inakowezekana. Haifai kumwacha mlangoni ikidai kwanza pesa za kuwekeza.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila kitakachofuata ni bure. Haki hii inahusu kuokoa maisha. Mgonjwa akishatulia, uliza haraka: je, hospitali hii ina mkataba na SHA? Kama haina, na daktari amekubali kwamba mgonjwa anaweza kusafirishwa, omba ahamishiwe penye mkataba kabla bili haijapanda.

BILI IKISHAKUSHINDA

Inapotokea kwamba bili imekuja na mwanafunzi hawezi kuilipa, asitoroke. Hospitali kubwa za umma zina afisa wa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kuchunguza hali ya mgonjwa na kupendekeza apunguziwe au asamehewe deni. Mwendee mapema, mgonjwa angali wodini, si siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mpelekee barua ya chifu inayoeleza hali ya nyumbani, barua ya chuo, na nakala za vitambulisho. Kama wazazi wamefariki, beba vyeti vya vifo. Ikiwa unapata basari au mkopo wa serikali, onyesha stakabadhi zake, kwani nazo ni ushahidi wa hali yako.

Ieleweke kwamba basari hulipwa moja kwa moja kwa shule au chuo, na haziwezi kuhamishwa ili kulipa bili ya hospitali.

Kuhusu kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani zilikiukwa. Uamuzi huo haufuti deni. Bali unaonyesha kwamba deni hudaiwa kwa njia za kudai madeni, wala mgonjwa hageuzwi mfungwa.

TAHADHARI

Usimpe mtu mwingine kitambulisho chako atibiwe kwa jina lako, hata akiwa rafiki wa chumba kimoja. Wala usikubali kuweka alama ya kidole au kutia sahihi kwa huduma ambayo hukupewa. Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za kudai malipo ya wagonjwa hewa. Jina lako likitumiwa hivyo, ni wewe utakayeambiwa kwamba haki yako imekwisha siku utakapougua kweli.

JIPIME

Kijana wa miaka 23 yuko chuo kikuu, analipiwa karo na mfadhili. Mama yake huuza mboga na amelipa mchango wa mwaka. Je, kijana ana bima? Jibu: Ndiyo, mradi jina lake limeandikwa miongoni mwa wategemezi wa mama.

Msichana wa kidato cha tatu amevunjika mkono. Baba yake hajajisajili popote, akiamini shule inalipa. Je, ni sawa? Jibu: La. EduAfya haipo tena. Baba ajisajili, amwandikishe binti na kulipa mchango.

Mwanafunzi wa miaka 26 hajalipa mchango wowote, naye ana homa. Aende wapi? Jibu: Ajisajili kwa *147#, kisha aende zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu. Baadaye apange mchango wake mwenyewe, kwani akilazwa bila huo atalipa bili yote.

Kwa hiyo wiki hii, mwanafunzi na afanye kazi tatu: ajisajili, aombe barua kwa msajili wa chuo, na ampigie mzazi simu kumuuliza kama jina lake liko kwenye orodha. Mzazi naye asiseme kwamba mtoto ni mzima. Karatasi hizi huandaliwa mtu akiwa mzima, kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kupanga foleni katika ofisi tatu.